Goma Ilirudi Kujengwa Juu ya Mawe ya Moto: Sisi Hapa Kambini Tunajifunza Nini?



Kiangazi kilichopita nyumba sita ziliungua kwenye bloku yetu. Moto ulianzia jikoni kwa jirani, upepo ukaubeba, na kwa dakika chache shitingi zilikuwa zimekwisha. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa. Sisi wa kujitolea tulikimbia na ndoo, lakini pa kupita hapakuwepo. Ile njia iliyoachwa wakati wa kupima viwanja tulishaijaza wenyewe: huyu jiko, yule uzio wa miti, mwingine banda la kuku. Jioni ile wazee wetu waliotoka Goma wakaanza kutusimulia mambo ya kwao, na sisi tukaona historia hiyo iandikwe.

Goma iko chini ya mlima Nyiragongo, kilomita zisizozidi 20 kutoka juu kwenye shimo la moto. Tarehe 10 Januari 1977 ubavu wa mlima ulipasuka, na ziwa la moto lililokuwa juu likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Ule uji wa moto ulishuka mbio kuliko mguu wa mtu yeyote. Vijiji vya mlimani vilifunikwa, ila mji ulipona.

Tarehe 17 Januari 2002 mji haukupona. Mlima ulipasuka upande wa kusini, lava ikaziba sehemu ya uwanja wa ndege, ikapita katikati ya mji, ikafunika maduka na kanisa kuu, ikaenda kuzimikia ndani ya Ziwa Kivu. Watu kama 120,000 walibaki bila nyumba. Laki kadhaa walikimbia, wengi wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda.

Sasa hapa ndipo watu wa nje hushangaa. Hazikupita siku nyingi, watu wakarudi, mawe bado yana joto. Wanauliza: kwa nini mtu arudi kujenga mahali palipomuunguza? Jameni, anayeuliza hivyo hajawahi kulala nje na watoto kwenye nchi ya watu. Soko lako liko Goma, ndugu zako wako Goma, na parseli ukiiacha muda mrefu utakuta mwingine ameshaipima.

Na hawakujenga kijinga. Juu ya mawe yale msingi hauchimbiki kirahisi. Nyumba ya mbao unaiweka juu ya mawe, ni nyepesi, na tetemeko likija inayumba tu, haikuangukii kama ukuta wa tofali usio na chuma. Ukilazimika kuhama, unang'oa mbao zako unakwenda nazo. Yale mawe meusi yenyewe yaliyowaharibia wakayageuza kuta na uzio. Halafu kuna mabonde ambayo hewa nzito inatoka ardhini na kukaa chini, inaua mbuzi na hata watoto. Watu wa pale wanaita mazuku, na wanasayansi wa nchi nyingine wameazima neno hilo hilo. Kujua mahali pasipofaa kulaza mtoto, hiyo pia ni elimu ya ujenzi.

Lakini mbao nazo zina deni lake. Lava ikisogea, nyumba ya mbao inashika moto hata kabla haijaguswa. Na bila volkano yoyote, kartie za mbao za Goma na Bukavu zimeungua mara nyingi kwa mshumaa mmoja au jiko la makala, kwa sababu nyumba zimebanana. Kumbe hakuna nyumba inayoshinda kila kitu. Ile inayokufaa wakati wa tetemeko inaweza kukuangusha wakati wa moto.

Basi ni nini kinachookoa watu? Tuangalie mwaka 2021. Goma ilikuwa na kituo cha kuchunguza volkano tangu 1986. Lakini Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei, watu wengi waliona wekundu angani kabla ya kusikia tangazo lolote. Lava iliunguza maelfu ya nyumba, ikakata barabara ya Rutshuru, ikasimama ukingoni mwa mji. Watu zaidi ya 30 walikufa, na si wote kwa moto: kuna waliokufa kwa ajali za barabarani wakikimbia usiku ule. Tarehe 27 Mei serikali ikaamuru kartie 10 zihame, na watu karibu 400,000 wakatoka, wengine Sake, wengine Gisenyi. Njia zikajaa magari, pikipiki, na mama wenye magodoro kichwani.

Sisi tunaona historia hii inasema jambo moja. Nyumba mtu anajenga kwa alichonacho, awe ni mbao au shitingi. Lakini nafasi kati ya nyumba, njia ya kukimbilia, na habari inayofika mapema, hivyo hakuna mtu anayevijenga peke yake. Vinajengwa na majirani wakikubaliana, au havijengwi kabisa.

Bloku yetu ilikaa kikao mara tatu. Mzee mmoja alikataa kuondoa uzio, akasema mbuzi wake wataibiwa, na alikuwa na haki. Tulimsaidia kuusogeza nyuma, hatukuuvunja. Majiko manne yamehama. Filimbi tumegawa moja kwa kila nyumba kumi. Njia sasa inapitisha watu wawili wenye ndoo.

Kwa ndugu wa mashirika tuna ombi moja. Msituambie tu "msijenge njiani". Familia ya watu wanane ikipewa kiwanja cha chumba kimoja, jiko litakwenda wapi kama si njiani? Mkipima viwanja, pimeni na jiko.

Na wewe kijana unayesoma, leo jioni toka nje, tembea na ndoo iliyojaa kutoka bombani mpaka mlangoni kwako. Ukikwama mahali, hapo ndipo pa kuanzia kikao.