Wasee, Waya Imeshinda Mnara Tangu 1901

Kama ulikuwa mtoto kabla TV zihamie dijitali 2015, hii kazi unaijua. Wewe ndio mdogo kwa nyumba, kwa hivyo unatumwa nje kugeuza antena. Imefungwa juu ya mti mrefu, upepo umeizungusha, na kwa dirisha kuna mtu anakupigia kelele: "Bado! Rudisha kidogo! Hapo hapo, usiguze!" Ukiachilia tu, picha inapotea.

Sasa niko na miaka 22 na nimerudi kwa kazi ileile, tofauti ni kwamba safari hii pesa ilikuwa yangu.

Mwezi uliopita mimi na beshte yangu tulipanda Ngong na redio yake ya ridhaa, zile za watu wanaoongea hewani kwa kupenda tu, bila biashara. Yeye ana leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, mimi nilibeba kamera na antena. Antena nilikuwa nimeiagiza mtandaoni, elfu tisa na mia tano, ya kukunja, inaingia kwa begi, na kwa picha yake kuna jamaa anatabasamu juu ya mlima wa theluji. Sisi tulipata kelele tu, shhhhh, kama mvua kwa mabati. Baada ya dakika kumi upepo ukaipinda na kiungo cha katikati kikakatika. Beshte yangu hakusema kitu. Alitoa waya wa kawaida wa Luthuli uliozungushiwa kipande cha mbao, akafunga ncha moja kwa ua, katikati akainua na fito, ncha ya pili akaifunga kwa kichaka. Dakika chache baadaye sauti ikaingia kutoka Mombasa, safi, mzee mmoja akitusalimia kama jirani.

Kilichoniuma sio elfu tisa peke yake. Nilienda nikasoma historia, nikapata kosa langu lina zaidi ya miaka 120, na wenye walilifanya kabla yangu walikuwa na pesa kuniliko.

Mchukue Guglielmo Marconi. 1901 anataka kutuma mawimbi yavuke bahari ya Atlantiki. Huko Poldhu, Uingereza, wakamjengea duara la milingoti 20, kila mmoja karibu mita 60. Nyingine kama hiyo ikajengwa Cape Cod, Marekani. Septemba dhoruba ikaangusha ya Poldhu yote. Novemba, ya Cape Cod nayo ikaenda chini. Fikiria uko na wawekezaji wanangoja, na antena zako mbili kubwa kuliko zote sasa ni rundo la kuni.

Poldhu wakasimamisha kitu kidogo cha haraka cha kutumia kutuma. Upande wa kupokea, Marekani ikaachwa kabisa. Marconi akapanda meli na wasaidizi wawili, Kemp na Paget, hadi St. John's, Newfoundland, wakiwa wamebeba maputo na vishada. Ndio, kishada, kama kile ulirusha ukiwa mdogo, ila chake kilikuwa kikubwa. Upepo wa Desemba ukakata puto moja likapotea. Kishada kimoja pia kikaenda. Tarehe 12 Desemba kingine kikashika, kikainua waya wa kama mita 150. Kwa vile kishada kilikuwa kinapanda na kushuka, antena ilikuwa inabadilika kila sekunde, mpaka kipokezi chake cha kisasa kikashindwa kufuata. Marconi akakiweka kando, akachukua cha kawaida, akaweka kisikizi sikioni. Akasema amesikia nukta tatu, yaani herufi S, kutoka kama kilomita 3,400. Kuna wanasayansi wanaobishia hadi leo kama kweli aliisikia. Lakini hakuna anayebisha kwamba siku hiyo milingoti ilikuwa chini na waya ilikuwa juu.

Unaweza kusema hayo ni mambo ya wazungu na bahari yao. Sawa, turudi nyumbani.

Vita vya Kwanza vinaanza 1914. Wajerumani wanashikilia Tanganyika, Waingereza wako Kenya. Siku chache tu ndani ya vita, 8 Agosti, manowari ya Uingereza inafika Dar es Salaam, na inachotafuta ni kituo cha redio. Siku hiyo mnara ukaanguka. Mwaka uliofuata, Juni 1915, wanajeshi wakapakiwa kwa meli hapo Kisumu, wakiwemo askari wa King's African Rifles, wakavuka Ziwa Victoria hadi Bukoba. Walienda kuvunja nini? Mnara wa redio. Walipigana siku mbili, mnara ukaangushwa, na mji ukaporwa. Hebu fikiria mama wa Bukoba, hajawahi kutuma ujumbe wowote kwa huo mnara, nyumba yake inaporwa kwa sababu mnara unaonekana kutoka mbali. Ukisimamisha kitu kirefu kimoja na kila mtu akitegemee, umewaonyesha adui zako mahali pa kupiga.

Sasa sehemu ambayo karibu nianguke kwa kiti. Novemba 1917 Wajerumani walituma zepelini, ile ndege ya puto, kutoka Jamboli, Bulgaria, ije Afrika Mashariki kumpelekea jenerali Lettow-Vorbeck risasi, bunduki na dawa. Iliitwa L59. Haikuwa na mpango wa kurudi. Ikifika, kitambaa chake kingekatwa kiwe mahema, na mifupa yake ya chuma chepesi ijenge minara ya redio. Yaani kuna mnara wa antena ulikuwa unakuja huku kwa hewa.

Haukufika. L59 ikiwa Sudan, magharibi ya Khartoum, ikapata ujumbe wa redio: rudini. Injini iliyokuwa inaipa redio umeme ilikuwa imeharibika, kwa hivyo waliweza kusikia tu, kujibu hawangeweza. Wakageuza. Jumla walikaa hewani saa 95, kilomita 6,757, na wakatua palepale walipotoka.

Mbona nakupa hii stori kwa posti ya antena? Kwa sababu zepelini haiwezi kubeba mlingoti. Antena yake ilikuwa waya mrefu unaoning'inia chini. Na waya wa kuning'inia una shida moja: unaushika kwa ncha, huwezi kuushika katikati. Wajerumani wakapata njia ya kulisha waya kutoka mwisho, ukiwa na urefu wa nusu ya wimbi. Watu wa redio ya ridhaa wakaiiga, na mpaka leo aina hiyo wanaiita Zepp. Ile ya kisasa unapata mtu akitupa juu ya mti, na transfoma ndogo kwa ncha, ni mjukuu wa hiyo.

Moja ya mwisho. Desemba 1921, chama cha redio za ridhaa cha Marekani kilimtuma jamaa anaitwa Paul Godley hadi Ardrossan, Scotland, aone kama mashine za watu wa kawaida zinaweza kusikika ng'ambo. Alikaa kwa hema shambani, baridi na mvua. Antena yake ilikuwa waya mrefu uliotandazwa kwa vijiti shambani, chini chini. Akasikia vituo vya Marekani, kimojawapo 1BCG cha Connecticut. Serikali na makampuni makubwa yalikuwa yameshawaambia mawimbi hayo mafupi hayana maana, wachezee tu.

Kwa hivyo ukinunua antena ya kubeba, usiangalie picha ya jamaa wa theluji. Jiulize maswali matatu.

Kwanza, ina urefu gani ukilinganisha na wimbi? Gawanya 143 kwa megahezi zako, unapata mita za nusu wimbi. Kwa megahezi 7.1 ni kama mita 20, yaani mita 10 kila upande. Yangu ilikuwa mita mbili na koili. Koili inaweza kudanganya redio kwamba antena ni ndefu, lakini nguvu nyingi inaishia kuwa joto. Hii fomula ilikuwa kwa notsi zangu za uhandisi kabla niache kampasi mwaka wa pili. Niliinakili tu. Nimeielewa juu ya Ngong na waya mkononi.

Pili, ikikatika huko porini, unaweza kuirekebisha kwa kisu na meno? Waya ukikatika unausokota. Kiungo cha plastiki kikivunjika unaenda nyumbani.

Tatu, inahitaji nini kusimama? Kama ni mti na kamba, sawa. Na usilie mti ukiwa mfupi. Kwa megahezi 7 waya wa mlalo ulio mita tatu nne tu juu ya ardhi hurusha mawimbi wima, yanagonga anga na kushuka mamia ya kilomita kote. Ndio maana tulimpata mzee wa Mombasa badala ya mtu wa Ulaya.

Siwaambii kuna ubaya na mnara. Simu yako inaishi kwa minara. Lakini mnakumbuka Mei 2024, kebo za baharini zilipoharibika na intaneti ikawa konokono nchi nzima? Nilikaa kwa nyumba siku nzima nikirifreshi, na kazi yangu yote iko mtandaoni. Hapo ndio nilijua niko kama yule wa kutegemea mlingoti mmoja.

Nimeanza kusomea mtihani wa leseni. Sina cheti cha kampasi, lakini hii nataka kuipata, nipewe jina langu la hewani linaloanza na 5Z. Jumamosi tunarudi Ngong, na ile antena ya elfu tisa nimeipa kazi mpya: mama anaanikia soksi.

Wewe ulikuwa wa kugeuza antena kwenu ama wa kupiga kelele kwa dirisha? Niambie hapo chini.