Neno "Mtafiti" na Magome ya Njombe

Msafiri atokaye Makambako kwenda Njombe, mwendo wa kilomita 60 hivi, huzidi kuingia nchi ya baridi na ya miti iliyopandwa. Habari ya miti hiyo, kwa sehemu kubwa, yaanzia katika biashara ya ngozi. Mwaka wa 1949 shirika la Kiingereza, Colonial Development Corporation, lilianzisha Kampuni ya Tanganyika Wattle, nayo ikapanda miwati, miti ambayo asili yake ni Australia. Magome ya miwati yana tanini. Na tanini ikishikamana na protini ya ngozi mbichi, ngozi haiozi upesi, bali yafaa kushonea viatu na mikoba.

Waandikao historia ya viwanda hutaja mashamba, mitambo na bei. Ni wachache waulizao nani aliyechungua siri ya ngozi yenyewe. Huko Uingereza, chama cha utafiti cha watengenezaji ngozi kiliongozwa tangu 1927 hadi 1946 na mwanamke, Dorothy Jordan Lloyd, aliyesoma Cambridge. Yeye alichunguza jinsi protini inavyonyonya maji na kuvimba, jambo ambalo mafundi wa zamani walilijua kwa mazoea ya mkono tu. Alifariki mwaka wa 1946, miaka 3 kabla ya kampuni ya Njombe kuanzishwa. Kwa hiyo hatusemi kwamba alihusika na mashamba yale. Twasema tu kwamba elimu ya ngozi, ambayo kwa ajili yake magome yale yalibanduliwa, ilikuwa imepitia mikononi mwa mwanamke.

Wala hakuwa peke yake. Nchini Marekani, Katharine Blodgett aliingia maabara ya General Electric mwaka wa 1918, akaja kuvumbua kioo kisichorudisha mwanga. Na mwaka wa 1965 Stephanie Kwolek, wa kampuni ya DuPont, alivumbua uzi wenye nguvu uitwao Kevlar.

Hapa mwanafunzi wa lugha ana neno la kusema. Kiswahili kiliwahi kugawa kazi kwa majina: mshauri wa kilimo aliitwa Bwana Shamba, na mshauri wa mambo ya nyumbani Bibi Maendeleo. Lakini "mtafiti" ni jina la ngeli ya M-WA, halitaji mume wala mke. Hata hivyo, tusikiapo "mtafiti wa kiwandani", wengi wetu humwona mwanamume. Basi kosa si la lugha. Ni la mazoea ya wasemaji.

Uhuru wa neno una faida na hasara: haumfungii mwanamke mlango, lakini pia waweza kumficha. Kwa hiyo mwandishi wa historia asitosheke na "watafiti waligundua". Amtaje mtu kwa jina lake, na mwenye kutunga kamusi atoe mifano ya namna hiyo, ili binti wa Makambako akisoma neno hilo ajue kwamba nalo lamhusu.