Kuni Zenye Alama

Leo somo letu ni la historia, lakini linaanzia jikoni. Wauzaji wawili wanauza kuni. Mmoja anauza rahisi. Wa pili anauza ghali, kwa kuwa kuni zake zimepimwa na kutiwa alama. Je, ni nani atakayekubali kulipa zaidi? Tutazame habari za Uingereza.

Hapo kale watu wa London walitegemea sana kuni, kwa kupikia na kuota moto. Mji ulipokua, kuni zilitoka mbali, na mnunuzi hakumjua aliyezikata. Wauzaji wengine wakafanya hila: matita membamba, vigogo vifupi, bei ile ile. Basi mwaka 1553, zama za Mfalme Edward wa Sita, ikatungwa sheria ya vipimo vya kuni. Kigogo kiwe na urefu wa futi 3 na inchi 4, na mzunguko wa inchi 7 na nusu. Mwaka 1601, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ikatungwa sheria nyingine juu ya jambo hilo hilo. Kuni zilizopungua kipimo zilichukuliwa, zikapewa maskini.

Sheria hizo zilipima ukubwa. Lakini kuna hasara ambayo kamba ya kupimia haiioni, nayo ni maji. Mti uliokatwa leo huweza kuwa na maji nusu ya uzito wake.

Sasa chukueni kalamu. Tuseme kilo 10 za kuni mbichi ni pauni 5. Nusu ni maji, kwa hiyo umepata kilo 5 za mti wenyewe: pauni 1 kwa kilo. Kilo 10 za kuni kavu, zenye maji sehemu 20 katika mia, zina kilo 8 za mti. Hata ukizilipia pauni 8, bei ya mti ni ile ile. Tena kuni mbichi hula moto wake wenyewe kwa kukausha maji, na moshi wake hudhuru mapafu.

Waingereza wanaujua ubaya wa moshi. Desemba 1952 moshi, hasa wa makaa ya mawe, uliifunika London, na maelfu wakafa. Mwaka 1956 ikapitishwa sheria ya hewa safi. Na tangu Mei 1, 2021, kuni zinazouzwa Uingereza kwa mafungu yasiyofika mita 2 za ujazo sharti ziwe na maji yasiyozidi sehemu 20 katika mia, na alama ya kuthibitisha hayo.

Kwa nini mafungu madogo? Mwenye banda hununua kuni nyingi mbichi, akazianika mwenyewe hata zikauke. Yeye hana haja ya kulipia alama. Asiye na banda hununua kidogo kidogo na kuwasha usiku ule ule. Huyo ndiye anayehitaji alama, na mara nyingi ndiye mwenye fedha chache. Kwa hiyo alama ina thamani ikiwa tu mpimaji ni mwaminifu. Mnunuzi halipii karatasi. Analipia neno la kweli.

Maswali:
1. Sheria ya 1553 ilipima nini?
2. Katika kilo 20 za kuni zenye maji nusu, mti ni kilo ngapi?
3. Sokoni kwenu, mwatambuaje kuni kavu?

Kwaherini, hata somo lijalo.