Safu ya Lugha: Kubebesha si kupandikiza

Kutoka Tunduma hadi Ndalambo, utasikia kila mche wa parachichi au mwembe ulio kwenye kiriba ukiitwa "mche wa kupandikiza". Neno hilo linamponza mnunuzi. Kupandikiza mpunga ni kuung'oa kitaluni na kuuhamishia shambani. Kuatika ni jina lake jingine, zuri, linalosahaulika. Kinachotafutwa kwenye mche wa matunda ni kubebesha, kutokana na kubeba: shina la kienyeji lenye mizizi sugu hubebeshwa kikonyo, yaani kijitawi, cha mti mwingine, ganda la ndani likagusana na ganda la ndani, kisha pakafungwa utepe wa nailoni. Kagua shina juu kidogo ya udongo, utaona kovu. Lisipokuwepo, huenda umeuziwa mche wa mbegu, na parachichi la mbegu halimfuati mama yake. Ndiyo maana parachichi aina ya Hass la Mbozi na Rungwe hubebeshwa, vizazi na vizazi vya vikonyo kutoka mti mmoja wa Rudolph Hass wa California, uliopewa hataza mwaka 1935. Mlimao wa kwenye ndoo nao ubebeshwe: kikonyo cha mti uliokwisha kuzaa huzaa mapema, mti ungali mfupi. Na kama mna mwembe wa bibi mnaoupenda, chukueni vikonyo vyake mkabebeshe sasa, kabla shoka halijaufikia.