Uvimbe wa Ubongo: Safari ya Mgonjwa kutoka Cordoba hadi Kanombe



Mtu anayetoka Bugesera kwenda Hospitali ya Jeshi ya Kanombe, hapa Kigali, hupita Sonatubes. Kwenye makutano hayo, yaliyopewa jina la kiwanda cha mabomba, anaacha barabara ya mjini na kushika ile ya kuelekea Remera. Wapo wanaopita hapo na karatasi ya rufaa mkononi, wakienda kufunguliwa fuvu ili waondolewe uvimbe kwenye ubongo. Swali lao ni moja: hivi mtu hupasuliwa kichwa akapona? Historia inalo jibu, nasi tuitazame kwa upande wa mgonjwa.

Tuanze Andalus. Karibu na Cordoba aliishi tabibu Abul-Qasim al-Zahrawi, aliyezaliwa mwaka 936 na kufariki mwaka 1013. Kitabu chake al-Tasrif kina sehemu 30, na ya mwisho inahusu upasuaji, pamoja na michoro ya vifaa. Kwa waliovunjika fuvu, alieleza kekee yenye kizuizi, ili ncha isizame na kugusa ubongo. Jambo la kwanza alilolifikiria ni usalama wa mgonjwa.

Hata kwetu Afrika Mashariki ujuzi ulikuwepo. Waganga wa jadi wa Abagusii, magharibi mwa Kenya, walikuwa wakikwangua mfupa wa fuvu la mtu aliyeumia kichwa na kubaki na maumivu yasiyokwisha.

Lakini hayo yalikuwa majeraha, yanayoonekana kwa nje. Uvimbe umejificha ndani. Ili uondolewe, yalihitajika mambo matatu: mgonjwa asisikie maumivu, kidonda kisioze, na daktari ajue mahali pa kupasua. La kwanza lilipata ufumbuzi mwaka 1846, dawa ya usingizi ya etha ilipotumika hadharani mjini Boston, Marekani. La pili lilianza kutatuliwa miaka ya 1860, Joseph Lister alipotumia dawa ya kuua vijidudu vya kidonda. Mwaka 1879 William Macewen alimtoa uvimbe msichana mmoja mjini Glasgow, naye akaishi miaka kadhaa. Mwaka 1884 Rickman Godlee alifanya hivyo London. Uvimbe ulipatikana pale pale ulipodhaniwa, lakini mgonjwa alifariki baada ya wiki chache kwa maambukizi.

La tatu lilichelewa zaidi. Madaktari walikisia mahali pa uvimbe kwa kutazama mkono uliolegea au ulimi uliokuwa mzito. Ilipofika Oktoba 1971, katika hospitali moja ya London, mgonjwa wa kwanza alipigwa picha ya ubongo kwa mashine ya skani iliyobuniwa na Godfrey Hounsfield. Uvimbe ukaonekana kabla ya kisu kushikwa.

Je, huku kwetu? Uganda ilipata kitengo cha upasuaji wa ubongo Mulago mwaka 1969. Rwanda ilichelewa, na mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994 yalichukua roho za waganga na wauguzi wengi. Mwaka 2002 kilianzishwa Rabat, Morocco, kituo cha kuwafundisha Waafrika upasuaji huu. Huko ndiko aliposomea Dkt. Claire Karekezi, ambaye baadaye alijiendeleza Toronto, Kanada. Mwaka 2018 alirudi nyumbani kufanya kazi Kanombe, akiwa mwanamke wa kwanza wa Rwanda katika fani hii.

Mgonjwa wa leo, basi, hupigwa picha kwanza. Siku ya upasuaji hunyolewa sehemu ya nywele na kupewa nusu kaputi. Kipande cha mfupa hufunguliwa, uvimbe hutolewa, na mara nyingi mfupa hurudishwa mahali pake. Wengine huamshwa katikati ya kazi na kuombwa wazungumze, ili daktari asiguse sehemu ya usemi. Hawasikii uchungu, kwa kuwa ubongo wenyewe hausikii maumivu na ngozi ya kichwa imetiwa ganzi. Kinachotolewa hupelekwa maabara, kwani si kila uvimbe ni saratani.

Hatari bado ipo, wala hatusemi kila mtu hupona. Hata hivyo, wengi huumia zaidi kwa kuchelewa. Maumivu ya kichwa yanayozidi asubuhi pamoja na kutapika, kifafa kinachoanza ukubwani, macho kufifia, upande mmoja kulegea, au tabia kubadilika ghafla: mambo haya yasiitwe majini kabla ya daktari kumwona mgonjwa. Mtume (SAW) alituhimiza kutafuta tiba. Basi dua isomwe, na safari ya hospitali ianze siku hiyo hiyo.

Allah awaponye wagonjwa wetu. Amin.