Vumbi la Gasketi

Mwaka 1924 Nellie Kershaw alifariki huko Rochdale, Uingereza, akiwa na miaka 33. Alisokota nyuzi za asbesto kiwandani, na Dk. W. E. Cooke aliyachunguza mapafu yake akayakuta na makovu na chembe za madini hayo. Mwajiri alikataa kulipa fidia. Uingereza ilikamilisha marufuku ya asbesto mwaka 1999. Miaka 75!

Katikati ya miaka hiyo asbesto iliingia kwenye breki, klachi na gasketi, kwa kuwa inastahimili moto na kubanwa. Kwa hiyo anayefungua leo injini ya pikipiki ya miaka ya 1970 huenda ameshika nyuzi zilezile. Gasketi huganda kwenye silinda hedi kama ukoko wa sufuria. Fundi huikwangua kwa kisu, hupiga msasa, kisha hupuliza kwa mdomo.

Mjomba wangu hupuliza hivyo. Nilimwomba ailoweshe kwanza, msasa auache. Akacheka: “Mjomba, sisi vumbi ndiyo chai yetu.”

Maradhi ya asbesto huchukua miongo kujitokeza. Yeye alianza ufundi mwaka 1994.