Mto Athi na macho ya mpakani

WANAOIGA mito na hali ya hewa kwa tarakilishi huigawa nchi katika wavu, kisha huhesabu maji au hewa katika kila jicho la wavu huo. Wavu ukiwa mkubwa, hugawiwa prosesa kadhaa zifanye kazi sambamba. Hapo ndipo balaa huanzia.

Chukua Mto Athi, mpaka wa Kitui na Makueni kwa masafa marefu. Tuseme prosesa moja imepewa Kitui, nyingine Makueni. Kila moja inayajua vyema macho yake ya ndani. Ya mpakani haiwezi kuyahesabu bila kuambiwa na jirani ni maji kiasi gani yamevuka. Kwa hiyo kila upande huweka nakala ya macho ya jirani, nayo lazima ihuishwe katika kila hatua. Ikichelewa, maji huzaliwa au hupotea mtoni pasipo mvua wala jua. Dawa ya kwanza? Endesha hesabu ile ile kwa prosesa moja, halafu mbili. Majibu yakitofautiana kupita chembe za desimali, anza kutafuta mpakani.

Usidhani haya ni mambo ya juzi, msomaji. Mwingereza Lewis Fry Richardson, dereva wa ambulensi nchini Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, alihesabu kwa mkono hali ya hewa ya Mei 20, 1910. Kitabu chake cha 1922 kinawazia ukumbi wa watu 64,000, kila kundi likihesabu sehemu yake ya dunia na kupashana habari na majirani. (Watu hao ndio walioitwa kwa Kiingereza jina ambalo leo tunalipa tarakilishi!) Kiongozi wao huwamulika kwa taa ya waridi waliotangulia mno, na ya buluu waliochelewa. Utabiri wenyewe uliharibika vibaya: kanieneo ya hewa eti ipande hektopaskali 145 kwa saa sita. Baadaye sana Peter Lynch alionyesha kwamba njia ilifaa. Data za mwanzo ndizo hazikuwa zimelainishwa.

Kitui nako hesabu hizi zimefika. Katika miaka ya 2000 watafiti kutoka Uholanzi waliiga maji ya mabwawa ya mchanga huko. Bwawa la namna hiyo huwa na upana wa makumi ya mita tu. Wavu wenye macho ya kilomita moja haulioni kabisa, na anayepangia watu maji kwa wavu huo atasema hakuna kitu.

Kuhusu istilahi, nashikilia "wavu", maana "gridi" imeshatekwa na umeme. Zile nakala Kiingereza huziita mizimu. Mimi nasema "macho ya mpakani", na mkulima wa Kibwezi atanielewa.